Majibu kwa wasomaji: minazi ya Pangani, machungwa ya Muheza na bakteria ambao maabara haiwezi kuwaotesha

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka huku huku kwetu Tanga, na nilipozisoma zote nikaona zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yani inakuwaje mmea unakufa mbele ya macho alafu mtaalamu anasema hajaona kitu. Nimeamua nizijibu kwa pamoja. Nyingine ntazijibu kwa kirefu, nyingine kwa kifupi, maana watu wanapoteza hela na miti kwa sababu jambo hili halijaelezwa vizuri.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Pangani, nina shamba la minazi nimeachiwa na marehemu baba. Tangu masika ya mwaka jana minazi inadondosha vidaka ovyo, baadae makuti ya chini yanageuka manjano, yanapanda hivyo hivyo mpaka juu, mwisho kilele kinaoza kinaanguka inabaki nguzo tupu. Kijana wa jirani alipeleka vipande vya mti kupimwa, jibu likarudi "hakuna kimelea kilichoota". Sasa watu wanasema kama maabara haikuona kitu basi hapo kuna mkono wa mtu. Mmoja kaniuzia chumvi niweke kileleni, mwengine dawa ya chupa ya kumwagia shinani. Nifanyeje? Mwanaidi, Pangani.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, mnazi wa urithi ukifa unauma kuliko hela yake. Nianze na hilo la mkono wa mtu. Liondoe kabisa kichwani, usije ukagombana na ndugu wala jirani kwa sababu ya karatasi ya maabara.

"Hakuna kimelea kilichoota" maana yake ni hiyo hiyo tu, kwamba walichukua kipande cha mti wakakiweka kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, wakasubiri, hakikuota kitu. Njia hiyo inafaa kwa fangasi wengi na bakteria kadhaa, ila kuna kundi la bakteria linaitwa fitoplazma ambao hawaoti pale hata ukisubiri mwaka mzima. Wanaishi ndani ya mirija myembamba inayoshusha sukari kutoka kwenye majani, na ndani ya miili ya vidudu vinavyofyonza utomvu wa mirija hiyo, basi. Hawana hata ukuta wa seli. Mwaka 2004 watafiti wa Japani waliposoma jenomu nzima ya fitoplazma mmoja wa kwenye vitunguu walikuta hana jeni za kile kimeng'enya ambacho viumbe karibu wote tunakitegemea kutengeneza ATP, yani nishati ya seli. Ni mpangaji aliyehamia bila jiko wala sufuria, kila kitu anachukua kwa mwenye nyumba. Sasa ukimtoa ndani ya mti ukamweka peke yake kwenye sahani atakula nini? Wapo watafiti waliowahi kutangaza kwamba wamemuotesha, lakini haijawa njia ya kawaida ya maabara kupima ugonjwa.

Na usidhani ni maabara ya huku tu inayokwama. Mpaka mwaka 1967 dunia nzima ilikuwa inaamini magonjwa haya ya manjano yanaletwa na virusi. Mwaka huo ndio Wajapani waliokuwa wanachunguza miforosadi iliyodumaa, ile ya kulishia viwavi wa hariri, wakaona kwa darubini ya elektroni vijimwili visivyo na ukuta ndani ya mirija ya sukari. Wakajaribu dawa. Tetrasaiklini ikaleta nafuu, penisilini haikufanya chochote, na hapo ndipo jibu lilipopatikana kwa sababu virusi hasikii tetrasaiklini, na penisilini kazi yake ni kuvuruga ukuta wa bakteria, asiye na ukuta haimpati.

Huo wa kwako kwa maelezo uliyoandika unafanana sana na ugonjwa wa kunyong'onyea minazi, ambao wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, na kituo chao cha Chambezi kule Bagamoyo wamehangaika nao miaka mingi. Vipimo vya DNA vya miaka ya 1990 vilionyesha fitoplazma wa Afrika Mashariki ana undugu na yule aliyemaliza minazi Jamaika lakini sio yule yule. Hili nalisisitiza kwa sababu lina hasara yake shambani: mnazi mfupi wa Malaya uliosifiwa Jamaika kwamba unavumilia, ulipojaribiwa kwetu haukuvumilia. Kwahiyo mtu akikuletea mche akakwambia "huu wa Malaya hauugui", muulize umejaribiwa wapi.

Kama unataka uhakika omba kipimo cha PCR, kile kile ambacho wengi tulikisikia wakati wa korona, kinatafuta DNA ya kimelea bila kuhitaji kimelea aote. Sampuli ya mnazi inachukuliwa kwa kutoboa shina kwa kekee, ule unga wa mti unaotoka ndio unapelekwa. Pitia kwa afisa ugani wako akuunganishe na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mikocheni, na mwambie wazi kwamba unashuku fitoplazma, usiseme tu mnazi unaumwa, maana ukisema hivyo wataotesha tena na jibu litakuwa lile lile.

Wakati unasubiri kuna kitu cha kuangalia mwenyewe. Tafuta mkwezi, apande mnazi ambao ndio kwanza unaanza kudondosha vidaka, akushushie karara moja ambalo bado halijapasuka. Lipasue kwa panga kwa urefu. Karara zima ndani ni jeupe linaloelekea rangi ya krimu, safi kabisa. La mnazi wenye kunyong'onyea utakuta ncha za vile vijiti vya maua zimekuwa nyeusi, weusi unashuka kuelekea chini, na karara linalofuata juu yake linakuwa limeharibika zaidi. Hapo hata makuti yanaweza kuwa bado ya kijani. Kama ni chonga, yule mdudu mwenye pembe, utaona makuti yamekatwa umbo la pembetatu na matundu kileleni. Kama ni radi, minazi kadhaa ya karibu karibu inaungua kwa siku moja, haichukui miezi.

Dawa ya kumwagia shinani usinunue tena. Marekani, jimbo la Florida, toka miaka ya 1970 wamekuwa wakiichoma minazi ya mapambo sindano ya tetrasaiklini ndani ya shina na inabidi warudie kila baada ya miezi minne maisha yote ya mti, wakiacha ugonjwa unarudi. Ni kazi ya hoteli yenye minazi ya kupendezesha bustani, sio ya shamba la nazi za kuuza. Na chumvi, ni kweli mnazi unapenda kloridi na mashamba ya mbali na bahari yanaweza kuihitaji kama mbolea, lakini wewe uko Pangani upepo wa bahari unakupulizia chumvi bure mchana na usiku, na haiui fitoplazma hata kidogo.

Mti wenye dalili kamili ukate mapema, kwa kawaida ukishaanza haumalizi miezi sita, na kila siku unayouacha umesimama vidudu vinaendelea kufyonza na kuhama. Wanaoshukiwa zaidi huku kwetu ni vidudu vidogo vinavyorukaruka kwenye makuti, na katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 DNA ya fitoplazma ilikutwa ndani ya aina mbili, mmoja anaitwa Diastrombus mkurangai. Shina la mnazi ni mbao nzuri, lipasuliwe litumike, halina hatari yoyote. Alafu unapopanda upya, chagua mbegu kutoka kwenye minazi mirefu ya kienyeji iliyobaki imesimama wakati majirani zake wanakufa, na usipande minazi mitupu, changanya na miembe, mikorosho, mihogo, ili siku ikitokea tena usibaki mikono mitupu.

SWALI: Assalaam alaikum mwalimu. Nalima machungwa Muheza. Michungwa ya ukingoni mwa shamba majani yanakuwa ya manjano, machungwa madogo yamepinda na yanadondoka kabla ya muda. Nimeuziwa busta ya majani nimepuliza msimu mzima hola. Nimeona video Marekani wanaichoma michungwa sindano ya antibiotiki, je nikinunua tetrasaiklini za vidonge nikayeyusha nikapulizia itasaidia? Hemedi.

JIBU: Waalaikum salaam kaka Hemedi. Vidonge vya hospitali usipulizie shambani, tafadhali sana. Haviingii kwenye mirija ya ndani kwa kupuliza juu ya jani, na unachofanya ni kuwafundisha bakteria wa udongo na wa kwenye maji namna ya kuishi na dawa ambayo kesho utaihitaji wewe au mtoto wako. Usugu wa dawa tunao tayari, tusiuongezee.

Sasa tujue kwanza kama ndio wenyewe. Chuma jani lenye manjano, liweke mkononi, angalia mshipa wa katikati. Upungufu wa zinki au madini mengine unatoa manjano yanayolingana kulia na kushoto, ukilikunja jani pande mbili zinafanana. Ugonjwa wa kijani wa machungwa unatoa mabaka yasiyolingana, upande huu kijani upande ule manjano, baka linavuka mshipa bila mpangilio. Kisha pasua chungwa lililopinda kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, utaona ule mstari wa katikati umepinda na mbegu nyingi ni ndogo, za kahawia, zimekufa ndani. Kipimo kingine rahisi ambacho wameshakitumia mashambani huko Asia: sugua jani kwa msasa mdogo, suuza huo msasa kwenye maji kidogo, dondoshea ayodini ya duka la dawa. Maji yakigeuka meusi kabisa maana yake jani limejaa wanga uliokwama kwa sababu mirija ya kuushusha imeziba. Sio uthibitisho ila inakupa sababu ya kuita mtaalamu na kupima PCR.

Huyu bakteria anaitwa Liberibakta na yeye pia anaishi kwenye mirija ile ile ya sukari. Ana ndugu yake mmoja, aliyetoka kwenye papai la milimani kule Puerto Rico, ambaye ameoteshwa maabara na ndiye watafiti wengi wanamtumia kujifunzia, lakini wanaoua michungwa wenyewe wanaendelea kuwashinda. Wako wa aina ya Afrika na wa aina ya Asia. Wa Afrika hapendi joto, anasumbua zaidi kwenye ubaridi wa milimani, ndio maana Muheza ya chini mlikuwa na nafuu kwa mda mrefu. Wa Asia joto halimsumbui. Na mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba yule kidudu wa Asia anayemsambaza, wa kahawia, mdogo kama milimita tatu, anakaa kwenye chipukizi mkia ameuinua juu, ameonekana Morogoro. Hicho ndicho kinachonifanya niwaambie watu wa Muheza msichukulie manjano kirahisi. Angalia chipukizi mpya kila mvua inapoanza, na pia mti wa majani ya kari kama unao nyumbani, kidudu huyo anaupenda sana.

Florida waliuona mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 walivuna masanduku ya machungwa milioni 242, msimu wa 2023/24 hawakufika milioni 20. Vimbunga navyo vimechangia lakini ugonjwa ndio uliowavunja mgongo, na hao ni watu wenye vyuo vikuu, maabara na hela.

Kuna utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Florida uliotoka mwaka 2022 ambao mimi naona umebadilisha namna ya kuutazama huu ugonjwa. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara haifanywi na bakteria mwenyewe, inafanywa na mchungwa unapojihami: mti ukimgundua mgeni kwenye mirija unamwaga kemikali kali za oksijeni na kuziba mirija, na kwa kuwa mgeni yuko kila mahali na haondoki, mti unaendelea kujichoma wenyewe mpaka seli za mirija zinakufa. Ndio maana mti uliolishwa vizuri na kumwagiwa maji unavumilia kidogo zaidi. Busta yako haikuwa sumu Hemedi, inaweza hata kuupa mti nguvu, ila haiondoi ugonjwa na aliyekuuzia kama aliahidi itautibu alikudanganya. Kabla hujanunua chochote angalia kama kimesajiliwa na TPHPA, yani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na lebo inataja ugonjwa gani.

Ile sindano uliyoiona ni ya kweli, Florida waliiruhusu mwaka 2022, wanachoma oksitetrasaiklini ndani ya shina, wengine wamepata mavuno mazuri zaidi, lakini mti hauponi na kila msimu kuna sheria za siku ngapi kabla ya kuvuna. Kwa hapa kwetu cha kwanza ni mche. Miche ya kubebeshwa ikichukuliwa vikonyo kwenye mti mgonjwa ambao bado haujaonyesha dalili, unanunua ugonjwa na kuupanda kwa mikono yako. Muulize mwenye kitalu mti mama uko wapi, nenda ukauone. Na hiyo michungwa ya ukingoni usiipeleke vikonyo popote, na ikithibitika ing'oe.

SWALI: Mwalimu, ufuta wangu Handeni badala ya kutoa maua umetoa vijani vidogo vidogo vingi, mashina yanajikusanya kama fagio. Sijawahi kuona. Ni mbegu mbaya? Mzee Rajabu.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mbegu haihusiki. Dalili hizo wanazijua sana wakulima wa ufuta wa India, na anayezileta ni fitoplazma, kundi lile lile la yule wa minazi ya Mwanaidi ila wa aina nyingine, analetwa na panzi wadogo wa majani.

Kinachofanyika ndani ni cha kushangaza kweli. Bakteria anatoa protini ndogo ndogo zinazoingia kwenye seli za mmea na kuharibu zile protini za mmea zinazosema "sasa toa ua", mmea unasahau unatoa jani. Watafiti wa Kituo cha John Innes kule Norwich, Uingereza, mwaka 2014 walionyesha protini moja inayofanya ua ligeuke jani pia inafanya wadudu wavutiwe zaidi na mmea huo, na mwaka 2021 wakaeleza nyingine, SAP05, inayosimamisha kuzeeka kwa mmea, unabaki unachipua majani tu bila kuzaa, mali ya bakteria na wadudu wake. Wakagundua pia kwamba wakibadilisha vipande viwili tu vya protini moja ya mmea, SAP05 inashindwa kushika. Hawajamuotesha fitoplazma kwenye sahani hata mara moja katika kazi hiyo. Walisoma jeni zake, wakazitengeneza jeni hizo peke yake na kuziingiza kwenye mimea, wakaona moja moja inafanya nini.

Wewe mzee ng'oa mimea yenye fagio usiiache mpaka mavuno, haitazaa na panzi wanamchukulia bakteria humo. Msimu ujao panda mapema na majirani zako kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma PCB kidato cha sita Tanga mjini. Tumefundishwa kanuni za Koch, kwamba ili useme kijidudu fulani ndio chanzo cha ugonjwa lazima umtoe kwa mgonjwa umuoteshe peke yake kisha umuambukize mwingine. Kama hawa hawaoti, kanuni imevunjika, tunajuaje ni wao? Na je wako wengi wasioota au ni hawa wa mimea tu? Zainabu.

JIBU: Marahaba mwanangu Zainabu, umeuliza swali ambalo wakubwa walilibishania miaka mingi.

Kanuni ya kuotesha peke yake kweli haitimii, hapo umesema sawa. Wakatafuta njia za kuizunguka. Walibebesha tawi gonjwa kwenye mti mzima, ugonjwa ukahamia. Walimchukua mdudu aliyekula kwenye mti mgonjwa wakamfungia kwenye mti mzima, ukahamia. Na njia ninayoipenda mimi ni ya mlangamia, ile mimea ya kamba za njano unayoiona imetambaa juu ya vichaka njia nzima ya kwenda Pangani: mlangamia unaunganisha mirija yake na mirija ya mmea unaoubebea mzigo, kwahiyo wataalamu waliutandaza kutoka kwenye mchungwa mgonjwa mpaka kwenye ua la makaburini, na bakteria wakavuka kwa kamba hiyo hiyo, ua likaugua. Kisha tetrasaiklini ikaleta nafuu, na DNA ile ile ikakutwa kila mahali ugonjwa ulipokwenda na haikukutwa kwenye mimea mizima. Ushahidi mmoja mmoja una tundu, ukiuweka pamoja ni vigumu kuukataa.

Na wasioota sio wa mimea tu, ndio wengi kuliko wanaoota. Mwaka 1985 Staley na Konopka waliandika kuhusu jambo lililokuwa linawasumbua wote: ukihesabu bakteria wa kwenye maji kwa darubini alafu ukahesabu wanaoota kwenye sahani, wanaoota mara nyingi hawafiki hata asilimia moja. Carl Woese alishaonyesha toka mwaka 1977 kwamba unaweza kupanga ukoo wa viumbe kwa kusoma RNA ya ribosomu, Norman Pace akaja kusema basi tusome hiyo moja kwa moja kutoka kwenye udongo na maji bila kuotesha mtu. Walipofanya hivyo wakakuta koo nzima nzima ambazo hakuna aliyewahi kuzijua. Bakteria wa bahari anayeitwa SAR11, mmoja wa viumbe wengi kuliko wote duniani, DNA yake ilitangazwa mwaka 1990 kutoka Bahari ya Sargasso, akaja kuoteshwa mwaka 2002, na siri ilikuwa kumpa maji ya bahari yenye chakula kidogo sana, maana sahani zetu zilikuwa zinamshibisha mpaka anakufa.

Hiyo sahani yenyewe inagandishwa kwa agari, inayotokana na mwani mwekundu (sio ule wanaolima akina mama wa huku pwani, huo unatoa karajinani). Mwaka 2014 watafiti wa Japani waligundua kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja maabara zimekuwa zikipika agari na fosfati kwenye chungu kimoja, na vikichemshwa pamoja vinatoa haidrojeni peroksaidi inayoua bakteria wengi. Walipopika kila kimoja peke yake na kuchanganya baadae, bakteria wakaota wengi zaidi, hata wa aina mpya. Fikiria hilo Zainabu, si kila asiyeota ameshindikana, wengine tulikuwa tunawaua sisi.

Marekani, Chuo Kikuu cha Northeastern, walienda mbali zaidi, wakatengeneza kifaa chenye vitundu vidogo, kila kitundu bakteria mmoja, wakakirudisha kwenye udongo ule ule alikotoka ili apate anachokizoea. Hapo ndipo mwaka 2015 walipotangaza teiksobaktini, antibiotiki mpya kutoka kwa bakteria wa udongo wa jimbo la Maine. Haijafika hospitali bado, lakini imeonyesha kwamba humo kuna dawa.

Na siku moja ya maji kupwa shuka kwenye mikoko yetu uangalie majani yaliyozama na kuanza kuoza. Kwenye mikoko ya Guadeloupe kule Karibiani walikuta juu ya majani hayo nyuzi nyeupe nyembamba, na mwaka 2022 wakathibitisha kwamba kila uzi ni bakteria mmoja, seli moja, wengi wana urefu wa kama sentimita moja na mkubwa wao anafika mbili. Unamuona kwa macho! Naye hajaoteshwa maabara. Mikoko ya Tanga ina majani ya namna hiyo hiyo na tope lenye salfa ile ile ambayo bakteria hao wanaitegemea, natamani kweli kijana wa hapa apewe darubini na mashine ya kusoma DNA akaangalie kilichopo kwetu. Wengine wasioota wako kazini tayari, wale wanaogeuza amonia ya maji taka kuwa gesi ya naitrojeni hawajawahi kutenganishwa wakaoteshwa peke yao, na tangu mwaka 2002 mji wa Rotterdam kule Uholanzi unawatumia kusafisha maji.

Ukifika chuo chagua mikrobiolojia na bioinfomatiki pamoja. Nakuombea.

SWALI: Nazi na machungwa ya miti migonjwa yana madhara kwa mlaji? Mama Asha, Ngamiani.

JIBU: Hapana mama, hawa bakteria hawawezi kuishi kwa binadamu. Nazi iliyokomaa ya mnazi mgonjwa inakunwa na kuliwa, chungwa litakuwa chungu tu na la ovyo. Kitu cha kuogopa ni dawa zilizopulizwa juu, osha matunda.

SWALI: Mabingobingo ya ng'ombe wangu yanadumaa, majani manjano madogo, nikikata hayarudi. Kijana wa Korogwe.

JIBU: Kenya wamesumbuka sana na fitoplazma wa mabingobingo na wafugaji wadogo wakapoteza malisho, mwaka 2009 watafiti wa huko wakamtaja panzi mdogo wa majani anayemsambaza. Ng'oa shina lenye dalili na mizizi yake yote, na kubwa zaidi usikubali wala usigawe vipando kutoka shamba lenye dalili hata kama ni kwa shemeji, maana kwenye kipando ndiko anakosafiria kwa urahisi. Muite afisa mifugo na wa kilimo wote wawili waone.

SWALI: Nasafirisha mizigo kwa jahazi Tanga na Pemba. Kuna mteja anataka nimpelekee miche ya minazi toka huku, kuna ubaya? Nahodha Omari.

JIBU: Usimpelekee nahodha, hata akilipa vizuri. Tafiti za miaka ya nyuma hazikuukuta ugonjwa wa kunyong'onyea Unguja na Pemba wakati huku bara unaua, na mche unaweza kuwa na kimelea bila dalili yoyote, au ukabeba vidudu kwenye makuti yake. DNA ya fitoplazma wa minazi imeshakutwa hata kwenye kiini cha nazi. Miche na mbegu zinavushwa kwa kibali na ukaguzi wa mimea bandarini, na mteja wako Pemba ana minazi mizuri mirefu kila upande, mwambie achague nazi za mbegu kutoka kwenye mti wa jirani yake. Mzigo wa nazi za kufuliwa kwa kupikia peleka, makuti mabichi acha.